Tezi Iliyosingiziwa Kuua Watoto

SEHEMU YA 1

Mliniomba siku moja niache dozi na tarehe za kliniki, niwape historia. Haya, leo nimekuja nayo. Ni ndefu, nitaiweka vipande vipande, kwa hiyo injika maharage, mnyonyeshe mtoto, usome taratibu.

Mlaze mwanao chali. Weka vidole viwili juu ya mfupa wa kidari, chini kidogo ya kile kishimo cha shingo. Nyuma ya mfupa huo, juu ya moyo, kuna tezi laini yenye pande mbili. Inaitwa thaimasi. Mtoto anapozaliwa ina uzito wa gramu 15 hivi, na kwa kifua kidogo kama kile hicho ni kitu kikubwa kweli. Inaendelea kukua utotoni, halafu kuanzia balehe inaanza kusinyaa, mafuta yanachukua nafasi yake. Wewe unayesoma hapa, yako imeshabaki kidogo. Ya bibi yako ni mafuta karibu yote.

Kwa hiyo ni tezi ya watoto. Na kwa sababu hiyo, watoto ndio walioumia pale madaktari walipokuwa hawajui kazi yake.

Galen, yule tabibu wa zamani wa Kigiriki aliyefanya kazi Roma karne ya 2, alishaona kwamba tezi hii ni kubwa kwa mnyama mchanga na hupungua kadiri anavyokua. Baada yake ikapita miaka zaidi ya elfu bila mtu kuongeza jambo la maana. Kisha mwaka 1614 daktari Felix Platter wa mji wa Basel, Uswisi, akaandika habari za mtoto wa miezi 5 aliyekufa ghafla. Walipompasua, wakakuta thaimasi kubwa. Platter akaona amepata jibu: tezi imevimba, imembana mtoto pumzi, amekufa.

Jamani, hebu tuwe wakweli. Mtoto aliyelala mzima na kuamkia maiti ni jambo ambalo hakuna mzazi anayeweza kulibeba bila kuuliza kwa nini. Daktari naye anataka kuwa na jibu. Palipo na kifo kisichoelezeka, kitu cha kwanza kinachoonekana kikubwa ndicho kinachobeba lawama. Huku kwetu tunakijua hiki kitu. Mtoto anakohoa wiki 2, mtu anamwangalia kooni, anasema kimio kimerefuka, kikatwe. Mtoto anaharisha na kulialia wakati fizi zimevimba kidogo, wanasema ana meno ya plastiki, wanachokonoa fizi kwa kitu chenye ncha, kumbe wanang'oa vichipukizi vya meno yake ya kawaida. Nimewapokea watoto hao wodini wakiwa wamepungukiwa damu. Kimio hakina kosa, na meno hayana kosa. Sasa mnaponisikia nasimulia madaktari wa Ulaya na Marekani, msidhani ni watu wa ajabu. Walifanya hivyo hivyo, ila wao walikuwa na mashine.

SEHEMU YA 2

Mwaka 1830 daktari Mjerumani anayeitwa Kopp akaipa hali hii jina: pumu ya thaimasi. Jina likishapatikana, ugonjwa unakuwa kama upo. Mwaka 1858 Mjerumani mwingine, Friedleben, baada ya kuchunguza sana akasema waziwazi kwamba pumu ya thaimasi haipo. Watu wakanyamaza kidogo. Lakini mwaka 1889 huko Vienna, Arnold Paltauf akaifufua kwa namna nyingine. Akasema kuna watoto na vijana wanaozaliwa na udhaifu wa mwili mzima, na alama yake ni thaimasi kubwa. Mtu wa aina hiyo, alisema, anaweza kufa kwa jambo dogo tu. Hali hiyo ikapewa jina refu la Kilatini ambalo sitawachosha nalo. Kuanzia hapo, mtu akifia kwenye dawa ya usingizi ya klorofomu, au mtoto akifa kitandani, cheti kinaandikwa jina hilo na kesi inafungwa. Lilimfaa kila mtu. Daktari aliyezidisha klorofomu hakuulizwa, na mzazi alipewa jibu.

Sasa kosa lilikuwa wapi? Naomba msome hapa polepole, maana habari yote iko hapa.

Ukisema kitu ni kikubwa, lazima uwe na kipimo: kikubwa kuliko nini? Madaktari wale walijua ukubwa wa "kawaida" wa thaimasi kutokana na maiti walizopasua. Maiti hizo walizitoa wapi? Uingereza kwa mfano, sheria ya mwaka 1832 iliruhusu vyuo vya udaktari kuchukua maiti za maskini waliofia kwenye nyumba za kuhifadhi mafukara na hospitalini bila ndugu wa kuwadai. Tajiri hakupasuliwa. Aliyelazwa mezani alikuwa yule aliyekonda kwa njaa, kifua kikuu, kuharisha kwa wiki nyingi, baridi na msongo wa maisha.

Na thaimasi ni tezi inayosinyaa upesi kuliko karibu kiungo chochote mwili unapoteseka. Homa kali, njaa, ugonjwa mrefu: mwili unamwaga homoni za dhiki kutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo, na homoni hizo zinaziua chembe za thaimasi kwa wingi. Ndani ya siku chache tu inaweza kupungua sana. Mwaka 1845 John Simon wa London alishaandika kwamba ukubwa wa tezi hii unafuata lishe ya mtoto. Mwaka 1936 Hans Selye, akiwa Montreal, akaonyesha kwa panya kwamba dhiki ya aina yoyote, baridi, majeraha, sumu, inainywesha thaimasi.

Unaona mtego? Watoto waliokufa polepole kwa maradhi na njaa walikuwa na thaimasi ndogo, na ndogo hiyo ikaitwa kawaida. Mtoto aliyekuwa mzima, ananyonya vizuri, ana mashavu, akifa ghafla usingizini, thaimasi yake haikupata muda wa kusinyaa. Wakimpasua wanaikuta kubwa. Wanasema: hii hapa ndiyo iliyomuua. Kumbe yeye ndiye pekee mezani pale aliyekuwa na thaimasi ya mtoto mwenye afya.

Mimi kila nikifikiria hili nakasirika kidogo, nasema kweli. Umaskini wa watu wengine ulifanywa rula ya kupimia watoto wote.

SEHEMU YA 3

Kama ungekuwa ugomvi wa vitabuni tu, nisingewaletea hapa. Tatizo ni kwamba ugonjwa ukishakuwa na jina, watu wanatafuta tiba.

Walianza na kisu. Mwaka 1896, Frankfurt, daktari wa upasuaji Ludwig Rehn alimpasua mtoto akaivuta thaimasi na kuishikiza ili isibane bomba la hewa. Wengine wakaenda mbali zaidi, wakawa wanaikata na kuitoa. Kumpasua mtoto mchanga kifua enzi hizo, bila antibayotiki, bila dawa ya usingizi ya kuaminika, mnaweza kujua wenyewe wangapi walirudi nyumbani.

Mwaka 1895 Röntgen aligundua mionzi ya eksirei. Miaka michache baadaye Heineke wa Leipzig akaonyesha kwamba mionzi hiyo inaziua chembe za thaimasi na za mitoki kwa wanyama. Na mwaka 1907, mjini Cincinnati, Marekani, daktari Alfred Friedlander akamchoma mionzi mtoto aliyekuwa anapumua kwa shida na kwa sauti. Tezi ikasinyaa, mtoto akapata nafuu. Habari ikasambaa: tiba imepatikana, haina kisu, haina maumivu, mtoto halii hata kidogo.

Wengi wa watoto wale, mama zangu, walikuwa na ile sauti ya kukoroma wakivuta pumzi ambayo baadhi yenu mnaijua. Mara nyingi ni nyama za koo la hewa zilizo laini bado, na mtoto akikua anaiacha yenyewe. (Nisieleweke vibaya: mtoto akivuta pumzi kifua kinabonyea ndani, midomo ikawa ya bluu, au akashindwa kunyonya, usisubiri, nenda hospitali usiku huohuo.) Ukimchoma mionzi mtoto ambaye angepona mwenyewe, atapona, na mionzi itapewa sifa.

Baada ya hapo ikawa si lazima mtoto awe anaumwa. Hospitali fulani za Marekani zikaanza kuwapiga picha ya kifua watoto wachanga wazima, na yule ambaye kivuli cha thaimasi kilionekana kipana anachomwa mionzi kama kinga. Kabla ya kukatwa tonsili, mionzi kwanza. Akina mama walitia saini kwa sababu waliambiwa bila hivyo mtoto anaweza kufa usingizini. Nani angekataa? Mimi nisingekataa.

Mwaka jana mama mmoja alinishikisha picha ya kifua ya mwanae wa miezi 4. Alikuwa ameiinua dirishani, anaitazama mwenyewe. "Nesi," ananiambia, "hiki cheupe hapa juu ya moyo si uvimbe?" Kilikuwa kimechongoka upande mmoja, sawasawa na tanga la dau. Wataalamu wa eksirei wenyewe wanaiita alama ya tanga. Nilimwambia hiyo ni thaimasi ya mtoto anayenyonya, na daktari wetu akamthibitishia. Alicheka kwa kushukuru. Miaka ya 1930, katika miji kadhaa ya Marekani, tanga lile lile lingempeleka mtoto kwenye chumba cha mionzi.

Uingereza walistuka mapema. Mwaka 1926 iliundwa kamati ya kuchunguza jambo hili. Wakakusanya maiti za watu waliokufa ghafla wakiwa wazima, ajalini na kwingineko, wakapima thaimasi zao. Huko Sweden, August Hammar alikuwa ameshafanya kazi ya namna hiyo kwa miaka mingi. Ripoti ya Young na Turnbull ya mwaka 1931 ikasema hakuna ushahidi kwamba ugonjwa huo upo. Jarida la madaktari la Lancet likatangaza mwisho wake.

Marekani hawakuacha. Mionzi iliendelea miaka ya 1940, na sehemu nyingine hadi ya 1950. Kuna mambo ambayo hospitali inayafanya kwa sababu tu yaliyofanyika jana hayakumuua mtu jana hiyo hiyo.

SEHEMU YA 4

Sasa nieleze kilichofuata, halafu tupumue.

Thaimasi iko jirani na tezi ya shingo, ile inayovimba mtu akikosa madini joto. Mionzi haina adabu ya kugusa kimoja na kuacha kingine. Mwaka 1950 madaktari wawili wa New York, Duffy na Fitzgerald, waliandika kuhusu watoto na vijana 28 wenye saratani ya tezi ya shingo. Saratani hiyo kwa watoto ni nadra. Walipouliza historia, karibu theluthi yao walikuwa wamechomwa mionzi ya thaimasi walipokuwa wachanga.

Katika mji wa Rochester, jimbo la New York, daktari Louis Hempelmann na wenzake wakafanya kazi ninayoiheshimu sana. Walichukua majalada ya watoto zaidi ya 2,600 waliochomwa mionzi hiyo, wakawatafuta mmoja mmoja, wakawafuatilia kwa miongo. Na ili kulinganisha kwa haki, wakawafuatilia pia kaka na dada zao ambao hawakuchomwa: nyumba ile ile, chakula kile kile, wazazi wale wale. Waliochomwa walipata saratani ya tezi ya shingo kwa wingi kupita ndugu zao, na wasichana walipokuwa wakubwa, saratani ya matiti nayo ikaongezeka. Wengine iliwajia baada ya miaka 30 na zaidi. Mama aliyetia saini kwa ajili ya mwanae wa wiki 3 alikuja kumuuguza akiwa mtu mzima mwenye watoto wake.

Najua kuna mtu ameshaingiwa na hofu ya eksirei. Tulia. Picha ya kifua anayopigwa mwanao leo akishukiwa nimonia inatumia mionzi kidogo mno ukilinganisha na ile ya kuchoma tezi ife. Daktari akiona inahitajika, mpeleke.

Na vile vifo vya ghafla usingizini? Vilikuwepo kweli, na hata leo vipo. Lakini pale palipotazamwa vizuri, jambo moja kubwa lilikuwa namna mtoto anavyolazwa. Miaka ya 1990, Uingereza, Marekani na nchi nyingine zilipowahimiza wazazi wawalaze watoto chali badala ya kifudifudi, vifo hivyo vilipungua kwa nusu na zaidi. Karne 3 na ushee za kuilaumu tezi, kumbe sehemu kubwa ya msaada ni kumgeuza mtoto. Basi mlaze chali, kwenye godoro lisilobonyea, bila mito na bila kumfunika uso.

SEHEMU YA 5

Bado hatujasema thaimasi inafanya nini. Na hili ndilo linalonishangaza: walipokuwa wanaichoma, walikuwa hawajui. Vitabu viliiona kama kaburi la chembe nyeupe za damu, au kiungo kilichosahauliwa na wakati.

Jibu likaja mwaka 1961, mwaka ambao Tanganyika inapata uhuru. Jacques Miller alikuwa kijana wa miaka 30, mzaliwa wa Ufaransa aliyekulia Australia, na dada yake alikuwa amekufa kwa kifua kikuu. Akifanya kazi kwenye taasisi ya utafiti wa saratani ya Chester Beatty, London, alikuwa anachunguza saratani ya damu ya panya. Kwa sababu ya utafiti huo alilazimika kutoa thaimasi kwa panya wa siku 1. Hapo ndipo bahati ilipokuwa. Wengine walishaitoa kwa panya wakubwa na hawakuona lolote, kwa sababu kazi yake kubwa ilishafanyika.

Panya wale wachanga walikua kwa wiki chache, halafu wakaanza kukonda, kuharisha na kufa kwa maambukizi. Damu yao ilikuwa na chembe nyeupe chache. Miller akawapandikiza ngozi ya panya wa ukoo mwingine, ngozi ambayo mwili wa kawaida unaikataa ndani ya siku chache. Haikukataliwa. Ikaota manyoya. Hata ngozi ya panya buku ilishika. Mwili ulikuwa umeshindwa kutofautisha changu na kisicho changu.

Alipotangaza, wakubwa wengi hawakukubali haraka. Lakini Robert Good na wenzake kule Minnesota nao walikuwa wanapata majibu ya aina hiyo, na baada ya miaka michache ubishi ukaisha. Mwaka 2019 Miller alipewa tuzo ya Lasker pamoja na Max Cooper.

Kazi yenyewe ni hii. Uboho wa mifupa unazalisha chembe changa. Baadhi zinasafiri hadi thaimasi, na huko zinapewa mitihani. Wa kwanza: unaweza kukitambua kitambulisho cha mwili huu? Ukishindwa, unakufa. Wa pili: utaushambulia mwili huu wenyewe? Ukionekana unaushambulia, unakufa. Zaidi ya asilimia 95 wanafeli. Mtihani wa darasa la saba ni mchezo. Wachache wanaofaulu wanatoka kwenda kwenye damu na mitoki kulinda maisha yote, na wanaitwa seli T, T ya thaimasi. Ile CD4 mliyoisikia kliniki ya virusi vya UKIMWI ni seli T. Zilisomea pale nyuma ya kidari.

Mwaka 1965 daktari Angelo DiGeorge wa Philadelphia alieleza habari za watoto wanaozaliwa bila thaimasi. Wana degedege kwa sababu ya upungufu wa kalsiamu, mara nyingi na moyo wenye kasoro, na fangasi mdomoni wasioisha. Ni wachache, na wengi wenye hali hiyo wana thaimasi ndogo, si kwamba hawana kabisa. Mtoto akiwa na moyo wenye kasoro na maambukizi yasiyokatika, muulize daktari, maana ikithibitika kinga ni dhaifu sana, chanjo za vijidudu hai kama ya surua zinahitaji ushauri wake kwanza. Mtoto mwingine yeyote, kadi isikae droo.

Sasa turudi kwenye ile rula. Wachunguzi wa leo wanapima thaimasi ya mtoto kwa utrasaundi, haiumi wala haina mionzi. Huko Denmark miaka ya 1990 walikuta kwamba watoto wa miezi 4 wanaonyonya maziwa ya mama peke yake wana thaimasi karibu mara 2 ya wale wa maziwa ya kopo. Guinea-Bissau walikuta waliozaliwa na thaimasi ndogo walikuwa na hatari zaidi ya kufa wakiwa wachanga. Na vijijini Gambia, watoto waliopimwa msimu wa njaa, wakati ghala ni tupu na mama yuko shambani na jembe tangu alfajiri, walikuwa na thaimasi ndogo kuliko waliopimwa msimu wa mavuno, ingawa wote walikuwa wananyonya. Uchunguzi mwingine wa hukohuko ukakuta kwamba hata maziwa ya mama yanabeba kichocheo kinachosaidia thaimasi kufanya kazi.

Kwa hiyo mama anayenyonyesha akiambiwa "kula", si kwa ajili ya unene. Baba, wewe uliyesoma mpaka hapa, lile dagaa na yale maharage ya mama mtoto ni sehemu ya kinga ya mwanao. Na zile chupa za "kuongeza kinga" za elfu 30 zinazouzwa mitandaoni, ukinunua mayai kwa hela hiyo mnakula wote.

Kuna mliouliza kuhusu operesheni za moyo. Ndiyo, kwa mtoto thaimasi inakaa mbele ya moyo, kwa hiyo daktari wa upasuaji mara nyingi hulazimika kuitoa sehemu au yote ili aufikie. Moyo ukiwa ndio unaomuua, hakuna ubishi. Lakini hata hapo mambo yanabadilika. Mwaka 2023 ulitolewa uchunguzi wa hospitali kuu ya Massachusetts, Boston, kwa watu wazima waliotolewa thaimasi. Ndani ya miaka 5 asilimia 8.1 walikuwa wamefariki, dhidi ya asilimia 2.8 ya waliofanyiwa operesheni ya kifua bila kutolewa. Kumbe hata ile iliyobaki mafuta matupu bado ilikuwa na kazi. Kama mwanao ana operesheni mbele yake, una haki ya kumuuliza daktari: thaimasi mtaiacha kiasi gani?

Wiki ijayo naleta meno ya plastiki, nimeahidi. Mwenye bibi anayejua yalianza kusemwa lini kijijini kwao, amuulize kabla ya Jumapili.